NYUMBA YA MGONGONI: Historia ya Waliobeba Mahema Hadi Kwenye Barafu ya Kilimanjaro, na Majina Yao Hayapo

Kuna zile klipu zinazozunguka mitandaoni kila ifikapo Desemba na Januari. Jamaa yuko Marekani au Kanada, kajifunga makoti mpaka anafanana na godoro, anaburuta mzigo juu ya ziwa lililoganda. Akifika anapopataka anaufungua, na baada ya dakika chache kimesimama kibanda kama cha wakala wa kutuma pesa. Anaingia ndani, anatoboa barafu kwa keekee, anashusha ndoano kwenye tundu, anakaa kusubiri samaki. Wabongo wakiona wanacheka: baridi yote hiyo, si angenunua samaki sokoni?

Lakini ukikiangalia vizuri, kile kibanda ni kazi ya akili. Wengi hawakinunui, wanajitengenezea wenyewe nyumbani. Fremu ni ya mbao nyepesi au mabomba ya plastiki, juu yake turubai, chini ubao mpana unaoteleza ili mtu mmoja aweze kukiburuta. Kinakunjwa. Kina tundu la kupitisha hewa, maana ndani watu huwasha jiko, na jiko kwenye chumba kilichozibwa linaweza kujaza kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua mtu akiwa usingizini. Kwa kifupi nyumba ya kwenye barafu inatakiwa ibebeke, izuie upepo, ipumue, na ijulikane ni ya nani.

Hilo la mwisho si utani. Kwenye jimbo la Minnesota, ambako Wasomali, Wakenya na Waafrika Mashariki wengine kibao wamehamia, sheria inasema ukiacha kibanda chako juu ya barafu usiku bila mtu, lazima nje kiwe na jina na anwani yako, au namba inayokutambulisha. Na barafu ikikaribia kulegea kuna tarehe ya mwisho ya kukiondoa. Yaani hata kibanda cha kuvulia samaki kina mwenyewe na anajulikana.

Sasa mdau rudi Moshi. Asubuhi ambayo mawingu hayajashuka, mtu akitoka nje pale Shirimatunda, au Pasua, au Njoro, anaiona Kibo na weupe wake juu. Barafu ipo. Ziwa la kuvulia huko juu hakuna, lakini swali la nyumba ni lile lile: utalala wapi kwenye baridi ile, na nani atakubebea hicho kitu cha kulalia?

Jibu la swali la pili halijabadilika tangu watu waanze kuandika habari za mlima huu. Nyumba ya Kilimanjaro inapanda juu ya mgongo na kichwa cha mtu. Kilichobadilika ni yule anayeibeba analala wapi.

WALIOKWENDA BILA NYUMBA

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro. Alikuwa ametoka Rabai, nyuma ya Mombasa, akiongozwa na mtu wa pwani aitwaye Bwana Kheri. Rebmann alipouliza ule weupe ni nini, akaambiwa ni "baridi". Basi. Wasomi wa London walibishana miaka mingi kama theluji inaweza kuwepo karibu na ikweta, wakati watu waliokuwa wakiuona mlima kila siku walishamaliza kesi kwa neno moja.

Kuna kichekesho hapo. Rebmann anajulikana kwa kusafiri na mwavuli tu, wakati wenzake wa safari walikuwa na silaha. Ule mwavuli ndio uliokuwa paa lake la kubeba, na mvua za masika alizikuta njiani.

Wamisionari hao waliandika pia simulizi waliyoikuta kwa wenyeji. Mangi Rengua wa Machame alitaka kujua ule weupe ni kitu gani, akatuma kundi la watu wapande. Inasemekana alirudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Wengine waliishia huko.

Watu walizieleza habari hizo kwa mizimu ya mlima. Mtu wa leo aliyepanda atazieleza kwa namna nyingine: watu wa migombani, nguo za migombani, hawana hema wala blanketi la maana, wanalala kwenye mwinuko ambao maji yanaganda. Kibo ina mita 5,895. Mwili ukilowa, upepo ukapiga, ukakosa pa kujificha, joto linakutoka haraka kuliko unavyoweza kulirudisha. Huhitaji mzimu.

Na majina yao? Jina la Mangi lipo. Jina la mmisionari lipo. Kundi lililokwenda kuigusa barafu linaitwa "watu".

HEMA LA MERIKANI

Kabla Wazungu hawajaanza kupanda kwa mpango, njia ya Pangani ilikuwa tayari imechangamka. Misafara ilitoka mji wa Pangani pwani, ikafuata mto kwenda juu mpaka nchi ya Wachaga, kutafuta pembe na kubadilishana bidhaa. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee, kichwani au begani, siku baada ya siku.

Wapagazi wale hawakuwa wanyonge wa kusubiri kupewa pa kulala. Walijigawa makundi ya watu wachache wanaochangia sufuria moja. Msafara ukisimama, mmoja anatafuta kuni, mwingine maji, mwingine anakata miti na majani, na jua likizama vibanda vimeshasimama. Asubuhi vinaachwa pale pale, kesho vinajengwa vingine.

Penye uhaba wa miti na majani walitumia akili nyingine. Kulikuwa na kitambaa cha pamba kizito, hakijatiwa rangi, kilichofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Kwa kuwa kilitoka Amerika, watu wakakiita merikani, na jina likabaki hata vitambaa vya Bombay vilipoingia sokoni. Merikani ilikuwa pesa, ilikuwa nguo, ilikuwa sanda. Ilikuwa pia hema: watu wanaunganisha vipande, wanashona kwa mkono, wanasimamisha fimbo mbili na kamba, kundi zima linalala chini yake.

Hiyo ndiyo nyumba ya kujitengenezea na kubeba ya Afrika Mashariki, miaka mingi kabla ya zile klipu za Minnesota. Nyepesi, inakunjwa, inawatosha watu wa sufuria moja. Shida yake ni moja tu, na mlima uliianika: merikani ikilowa inavuta maji na inakuwa nzito, na haizuii upepo wa mita 4,000. Nyumba ya njia ya Pangani ilitengenezwa kwa ajili ya nyika, siyo kwa ajili ya barafu.

Ndiyo maana majaribio ya mwanzo yalikuwa yanakatika njiani. Baron Klaus von der Decken alijaribu 1861, akarudi tena 1862 na Otto Kersten wakafika kwenye mita 4,200 hivi. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari Mwingereza, alipanda kutokea Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye wengine walimwita Mandara, akafika mpaka kwenye theluji. Waliotoka naye wengi walibaki nyuma kwa baridi. Aliyekwenda naye mbali kuliko wote anatajwa kwa jina moja tu, Tofiki.

HEMA DOGO LA MWAKA 1889

Hans Meyer, tajiri wa familia ya wachapishaji vitabu kutoka Leipzig, alipanda 1887 akakwama kwenye barafu. Akajaribu tena 1888, lakini vita ya Abushiri ilikuwa imewaka pwani, akakamatwa, ikabidi alipe pesa ndipo aachiwe. Mwaka 1889 akarudi na mpanda milima wa Austria, Ludwig Purtscheller.

Safari hii alibadilisha mpango, na mpango wenyewe ulikuwa wa nyumba na chakula. Badala ya kukimbilia juu na kurudi, aliweka kambi kwa ngazi. Kambi kubwa ikawa Marangu kwa Mangi Marealle. Kambi ya kati juu ya msitu. Halafu hema dogo kabisa likapelekwa kwenye tambarare iliyo kati ya Kibo na Mawenzi, kama mita 4,300. Kila baada ya siku chache watu walipanda kutoka Marangu na chakula, wakashuka, wakapanda tena.

Hapo ndipo mlima ulipofunguka. Meyer na Purtscheller wangeweza kushindwa leo, wakarudi kwenye hema, wakala, wakalala, wakajaribu keshokutwa. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta baada ya kuchonga ngazi kwenye barafu kwa shoka, ngazi moja baada ya nyingine. Wakarudi. Tarehe 6 Oktoba 1889 wakasimama juu kabisa, na Meyer akakipa kilele jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm.

Vitabu vinasema watu wawili walifika. Ni kweli, waliofika juu ni wawili. Lakini ukitoa ile kamba ya watu waliopanda na kushuka msituni na vyakula vichwani, ile kambi ya juu inakufa ndani ya wiki moja.

Kwenye hema lile alikaa pia mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani. Meyer mwenyewe alimtaja na kumsifu. Mtu wa pwani, mji wa nazi na dagaa, anakaa zaidi ya siku kumi kwenye tambarare ya mawe yenye barafu asubuhi, wenzake wawili wakienda na kurudi. Wadau wengi wa Moshi hawajawahi kulisikia jina hilo.

Jina wanalolijua ni la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu. Mwaka 1989, mlima ulipotimiza miaka 100 tangu siku ile, yeye ndiye alitambuliwa kuwa mmoja wa waliomwongoza Meyer. Wapo wanaobishia umri wake na nafasi yake kwenye safari ile. Hata hivyo tazama muda uliopita: karne nzima ndiyo ilihitajika ili watu waanze kuuliza walioongoza na kubeba walikuwa akina nani. Ukiuliza baada ya miaka 100, lazima majibu yawe na ubishi.

VIBANDA VYENYE MAJINA YA WAKUBWA

Kufikia 1912 njia ya Marangu ilikuwa na vibanda viwili vya kudumu. Cha chini, kama mita 2,700, kiliitwa Bismarck. Cha juu yake, kama mita 3,700, kiliitwa Peters. Waingereza wakiwa watawala, 1932 kikaongezwa cha tatu, Kibo, kama mita 4,700. Barabara ya gari ya kufika huko haikuwepo. Mbao, bati, misumari, dirisha, vyote vilipanda kwa miguu ya watu.

Angalia hilo jina la Peters. Carl Peters alikuwa mkuu wa kituo cha Wajerumani Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1890. Akiwa hapa aliwanyonga mtumishi wake mmoja wa kiume na mwanamke mmoja wa hapo nyumbani kwake. Kelele zilifika mpaka Berlin, na mwaka 1897 serikali yake yenyewe ikamfukuza kazi. Huyo ndiye aliyepewa kibanda. Kwa miongo mingi, hata chini ya Waingereza, mgeni aliyepanda Kilimanjaro alikuwa analala "kwa Peters", na mzigo wake umeletwa na mjukuu wa watu waliomkimbia Peters.

Uhuru ulipokuja, mlima nao ukapewa majina mapya. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge kileleni, na kilele cha Kaiser kikawa Uhuru. Bismarck ikawa Mandara, jina la yule Mangi Rindi wa Moshi. Peters ikawa Horombo, jina la Mangi wa Keni, Rombo. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ikaanzishwa 1973 na kufunguliwa 1977, na miaka hiyo ndiyo vibanda vipya vya mbao vyenye paa la kuchongoka vilijengwa kwa msaada wa Norway, nchi ambayo baridi inaijua vizuri.

Ilikuwa hatua kubwa. Lakini angalia tena: kutoka wakubwa wa Ujerumani kwenda wakubwa wa Uchagani. Mpagazi bado hana kibanda chenye jina lake.

MAPANGO

Njia nyingine zilipofunguka, Machame, Umbwe, Rongai, Shira, hakukuwa na vibanda vya mbao vya kuwatosha wageni. Kwenye sehemu kama Shira na Barranco viliwekwa vibanda vidogo vya chuma, vile vya kubebwa vipande vipande na kuunganishwa juu kwa juu. Baadaye vikachakaa, vikaachwa.

Wapagazi walikuwa wanalala wapi? Mapangoni. Ukiisoma ramani ya Kilimanjaro utaona majina ya mapango kila upande: Shira, Kikelewa, yale ya njia ya Rongai. Mtalii wa leo akipita anaona ni sehemu ya kupigia picha. Kwa wapagazi wa zamani ile ilikuwa chumba. Moto katikati, watu wanabanana ukutani, nguo zinakauka kwa moshi, ugali unapikwa hapo hapo. Mwamba unazuia upepo na moto unatoa joto.

Pango lina faida moja kubwa, halibebwi. Kwa mtu mwenye mzigo wa mwingine kichwani, kila kilo anayopunguza kwenye vitu vyake ni ahueni, kwa hiyo pa kulala pa bure palikuwa na maana sana. Lakini lina ubaya wake. Halikufuati. Likiwa limejaa, au mvua ya barafu ikikukuta katikati, huna kitu. Na kuni zilikuwa zinamaliza miti ya juu ambayo hukua taratibu sana. Hifadhi ikapiga marufuku kuwasha moto wa kuni, na kulala mapangoni kukakatazwa. Sababu zilikuwa za msingi. Ila pango bila moto ni jokofu, na aliyenyimwa pango alihitaji kupewa kitu kingine.

HEMA LA KULIA CHAKULA

Tufike kwenye zama za leo. Moshi wanajiita wagumu, na jina limewakaa. Njia ya Marangu yenye vibanda huitwa Coca-Cola, Machame ya mahema huitwa Whiskey. Kwenye Whiskey kila kitu kinabebwa: mahema ya wageni, magodoro, viti vya kukunja, meza, mitungi ya gesi, mayai, hata choo. Mtalii mmoja anaweza kuwa na wagumu watatu, wanne au zaidi nyuma yake.

Ratiba yao inajulikana. Asubuhi wageni wanaondoka na waongozaji wao pole pole. Wagumu wanabaki, wanaangusha mahema, wanapiga umande, wanakunja, wanapakia kwenye viroba, wanaweka kichwani. Katikati ya njia wanawapita wageni. Wageni wakifika kambini, mahema yameshasimama na maji ya kunawa yana moto. Kesho tena. Nyumba ile ile inavunjwa na kujengwa kila siku mpaka Barafu, kambi ya mwisho, kwenye mita 4,600 na kitu.

Pale Barafu ndipo utajua kama mtu anaijua kazi. Chini ni mawe, vigingi haviingii. Kamba zinafungwa kwenye mawe makubwa, mlango unaelekezwa mbali na upepo, turubai la nje linavutwa lisiguse la ndani, maana yakigusana unyevu wa pumzi unapita na mtu anaamka kalowa. Panaachwa sehemu ya kupumua, kwa sababu ile ile ya jiko na gesi isiyo na harufu. Hakuna chuo kinachofundisha hayo, mtu anajifunza kwa kaka yake au mjomba wake.

Na yeye mgumu, akishamaliza kuisimamisha nyumba ya mgeni, analala wapi?

Kwa miaka mingi jibu kwenye misafara mingi lilikuwa: kwenye hema la kulia chakula. Lile kubwa lenye meza na viti. Lina eneo, kweli. Lakini halijatengenezwa kulaliwa. Mara nyingi halina sakafu, ukilala unalala juu ya udongo wenye barafu. Na kuna jambo dogo ambalo mgeni hawezi kulijua asipoambiwa: haliwi chumba mpaka yeye amalize kula. Wageni wakinogewa na stori baada ya supu, wanacheza karata, wanauliza kesho tunapanda saa ngapi, nje kuna watu kumi wamesimama gizani wakipiga miguu chini ili isife ganzi. Hawawezi kumwambia mgeni ondoka. Bakshishi iko mwisho wa safari.

Alfajiri ni vile vile, wanaamka kabla ya wote ili meza irudi mahali pake. Mgeni anakunywa chai pale pale walipolala watu, na hana habari.

Ndani ya hema hilo wagumu walirudi kwenye ujuzi wa babu zao wa njia ya Pangani: kujitengenezea. Nailoni chini ya udongo, kiroba kitupu juu yake, kipande cha sponji, blanketi mbili kwa watu watatu, kila mmoja akimkinga mwenzake. Kundi la sufuria moja.

Mwaka 2003 ulianzishwa mradi unaoitwa Kilimanjaro Porters Assistance Project, ofisi yake ipo Moshi. Wanaazima wagumu nguo za baridi bila malipo, na wanafuatilia kampuni za utalii zinavyowatendea watu wao: malipo, chakula, uzito wa mzigo, na hili la pa kulala. Masharti yao yapo wazi kwamba mgumu awe na hema lake la kulala, lenye sakafu, na hema la kulia lisigeuzwe chumba. Kwa upande wa mzigo, mizani ipo getini, na kikomo ni kilo 20 za mzigo wa kampuni. Linganisha na zile frasila mbili za njia ya Pangani uone safari ilikotoka.

Kampuni nyingi zimebadilika. Siyo zote. Na hapa kuna hesabu ambayo haisemwi sana. Hema la wagumu nalo lina kilo zake, na lazima kuwe na mgumu wa kulibeba. Mgumu huyo naye anahitaji kulala. Kampuni inayouza safari kwa bei ya kutupa lazima ikate mahali, na mahali pepesi pa kukata ni pale ambapo mteja haoni. Mteja anaona hema lake. La wagumu limesimama kule nyuma ya mawe, na kama halipo hatajua.

BARAFU INAONDOKA, WATU WAPO

Barafu yenyewe haitasubiri. Vipimo vya wanasayansi vinaonyesha zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo Kilimanjaro mwaka 1912 ilikuwa imeshapotea kufikia 2011. Barafu ya ukingoni ambayo Meyer na Purtscheller waliichonga ngazi kwa shoka haipo tena. Furtwängler, ile ya ndani ya kreta inayopewa jina la Mjerumani aliyepanda 1912, imepasuka na kugawanyika. Hata barafu ina jina la mtu aliyepita siku chache.

Watu wanahuzunika, na ni sawa wahuzunike. Lakini mlima hautabaki wazi barafu ikiisha. Mita 5,895 zitakuwa zile zile, usiku wa Barafu utaganda vile vile, na wageni wataendelea kuja. Nyumba itaendelea kupanda mgongoni mwa mtu kutoka Moshi, Marangu, Machame, Rombo.

Ukizipanga zile safari zote kwenye mstari mmoja, kuna kitu kinajirudia. Watu wa Rengua walipelekwa bila nyumba, wakafa. Wapagazi wa Pangani walijishonea ya merikani, wakaishi. Wabebaji wa Meyer waliiweka nyumba ya wengine juu, ndipo kilele kikafikika. Wagumu wa jana walisubiri nje mpaka supu iishe. Kila mara maisha ya mbebaji yametegemea swali dogo, kama kuna mtu aliyemhesabu wakati wa kuhesabu mahema.

Kwa hiyo mdau, kama una rafiki ughaibuni anakuja kupanda, usimwambie kuhusu picha za kileleni tu. Mwambie aiulize kampuni kabla hajalipa: wagumu wangu wanalala wapi, na hema lao lina sakafu? Akifika kambini siku ya kwanza, atembee hatua hamsini nyuma ya mawe aangalie kwa macho yake. Akimaliza kula, anyanyuke mapema. Havimgharimu chochote.

Na kama kwenu kuna babu, baba au mjomba aliyebeba, iwe kwenye mapango, iwe na vile vibanda vya chuma, iwe Whiskey ya miaka ya tisini, mkalishe chini leo umuulize alikuwa analala wapi. Halafu andika jina lake mahali ambapo halitapotea. Kibanda cha samaki cha Minnesota kina jina la mwenyewe. Aliyebeba nyumba mpaka mita 4,600 hawezi kukosa.